Wakili wa mirathi nilivyompata Mtwara, baada ya kuliwa hela na kishoka

Mzee wetu alifariki mwaka juzi, akaacha nyumba Chikongola, mikorosho kule Tandahimba na hela kidogo benki. Benki wakagoma hata kutuambia kuna shingapi mpaka tulete barua ya usimamizi ya mahakama. Mi na haraka zangu nikamfuata jamaa mmoja anayeshindaga nje ya mahakama na begi na muhuri wake, akaniambia braza hiyo mirathi wiki 2 tu, nikamtolea 150,000 ya kuanzia. Mwezi ukakata, simu hapokei. Kishoka yule, wakili feki.

Mama mdogo alinisema sana, afu akaniambia sasa ukienda kwa mwingine omba jina lake kamili, toka nje, lisake mtandaoni kwenye e-Wakili, mfumo wa mahakama wenye orodha ya mawakili, uone kama leseni yake iko hai ndo urudi ndani. Nikafanya hivyo hivyo. Wa kwanza jina lilikuwepo ila alitaka asilimia 10 ya mali yote, nikaaga. Wa pili alikuwa mdada, ofisi ndogo feni haizunguki, hakuanza na bei, alianza na muhtasari wa kikao cha familia. Akawa anahesabu saini kwa ncha ya kalamu. "Kaka, marehemu ameacha watoto wangapi?" Watano. "Mbona hapa wamesaini wanne?"

Nikaona aibu. Wa tano ni dada yetu wa Lindi, mama yake aliachika zamani, kwenye kikao hakuna hata aliyempigia. Wakili akasema nendeni mkakae upya na yeye awepo, bila hivyo hii kitu itakuja kufumuka mkiwa mmeshagawana.

Halafu jingine, akaniambia fomu namba 1 ya mahakama ya mwanzo, ile ya kuomba usimamizi, najaza mwenyewe, napeleka na cheti cha kifo na muhtasari, sina haja ya kumlipa yeye kwa hilo. Akachukua 50,000 ya ushauri basi. Kumbuka zamani mawakili hata hawakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo, mpaka sheria ilipobadilishwa 2021.

Nilimrudia mahakama ilipobandika tangazo la maombi yangu maana binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliweka pingamizi. Anadai kwa mila za Kimakonde mali ya mjomba inaenda kwa mpwa, na mpwa ndo yeye, sisi watoto ni wa ukoo wa mama yetu. Na hasemi uongo, wazee wetu walikuwa wanarithishana hivyo. Hapo nikamlipa wakili vizuri tu na alistahili, kazi yote ilikuwa kuonyesha mzee aliishije: ndoa ya msikitini, kazikwa Kiislamu, watoto kawasomesha madrasa, kwa hiyo mirathi yake ifuate Uislamu na sio mila. Mahakama ikakubali, nikapewa usimamizi, na nikaambiwa ndani ya miezi 4 niwe nimerudisha orodha ya mali yote na madeni. Kuhesabu mikorosho mmoja mmoja juani sio mchezo.

Dada wa Lindi naye kapata fungu lake la mikorosho. Yeye kule hafiki, so msimu huu anayempulizia salfa kwa malipo ni yule yule binamu.