Siku yangu moja: asubuhi transista ya ubaoni, mchana transista ya mezani

Watu wakisikia nafundisha elektroniki chuo kikuu wanadhani nashinda natengeneza simu na redio. Hapana jamani. Ngoja niwape siku moja ya kawaida, ile ambayo ratiba imenipangia lekcha na maabara siku hiyohiyo, ndo ninayoipenda na ndo inayonimaliza.

Saa 12 asubuhi. Kabla hata sijafungua meseji naunga sakiti ya leo kwenye bredibodi yangu mwenyewe, ule ubao wa matundu wa kuchomeka vifaa bila kulehemu. Hili sina mjadala nalo, siwezi kuwapa wanafunzi jaribio ambalo mkono wangu haujaligusa, karatasi ya maelekezo huwa inazeeka huku vifaa vya kabatini vinabadilika kimyakimya. Leo ni amplifaya ya komoni emita, sakiti ya transista moja ya kukuza wimbi dogo, na transista yenyewe ina miguu mitatu, base, kolekta na emita: saplai volti 12, rezista za 47k na 10k (k ni omu elfu) zinagawa volteji ya base, 3.9k iko kolekta, 1k iko emita. Nawasha, kolekta inasoma volti 6 na pointi kadhaa, twende kazi.

Saa 2, lekcha. Ubaoni kila kitu kitamu. Base volti 2.1, toa 0.7 inayobaki kati ya base na emita, unapata 1.4 kwenye emita, gawa kwa 1k ni miliampia 1.4, zidisha kwa 3.9k, toa kwenye 12, kolekta 6.5, imeisha hiyo. Halafu geini, yaani wimbi linakuzwa mara ngapi: ukiweka kapasita sambamba na rezista ya emita unagawa 3.9k kwa omu kama 18 hivi za ndani ya transista yenyewe, ambazo ni milivolti 25 gawa kwa ule mkondo, unapita 200. Ukiichomoa kapasita geini inaporomoka hadi kama 4, na hapo hata waliokuwa wanasinzia wanainua vichwa.

Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, mbona kila swali ni 0.7 tu, inatoka wapi?" Nikafurahi kweli maana hilo ndo swali. Nikamwambia sio 0.7, inacheza hapo kwenye 0.6 na 0.7 kutegemea mkondo, na joto likipanda inashuka kama milivolti 2 kwa kila digrii moja, sisi tunaandika 0.7 ili hesabu iishe tukale. Akaandika. Wengine wakauliza kama itatoka kwenye mtihani.

Saa 4 mpaka saa 6 niko ofisini na wanaotaka maksi ziongezwe. Tupite.

Saa 7 mchana napita maabara na fundi wetu kukagua vifaa. Maltimita tatu, vile vipimio vya volti na mkondo, fyuzi zimekatika, na sababu ni ileile siku zote, mtu kapima mkondo akaacha waya kwenye tundu la ampia, halafu akaenda kupima volteji ya saplai. Probu za oskiloskopu, mashine inayochora wimbi kwenye skrini, nazo tunazijaribu kwenye ile wimbi mraba ya mashine yenyewe, kona ikiwa ya mviringo au imechongoka unazungusha skrubu ndogo mpaka inyooke, usipofanya hivyo mchana kutwa watu watalaumu sakiti.

Saa 8, maabara. Nusu saa ya kwanza ni kimya, kinachofuata ni "mwaliiimu!" kutoka kila kona. Kundi moja kolekta yao imelala karibu na sifuri, wamebadilisha transista mara mbili, kumbe klipu ya graundi ya oskiloskopu wameibana kwenye emita, na graundi ya oskiloskopu imeungana na ya jenereta ya mawimbi, ile inayolisha wimbi kwenye sakiti, kupitia erthi ya ukutani, kwa hiyo ile 1k wameipiga shoti wenyewe bila kujua. Kundi lingine wameingiza volti moja nzima kwenye amplifaya ya geini 200 halafu wanashangaa wimbi limekatwa juu na chini.

Lakini kundi la dirishani ndo lilinikalisha chini. Rezista zote sahihi, rangi nimezisoma mwenyewe, waya sawa, ila base imeshuka chini ya volti moja na nusu, kolekta iko 9 na kitu, na geini hakuna. Kijana anayeshika kalamu ananiambia "mwalimu fomula imekataa." Nikawaambia waache fomula, chomoeni transista, someni ilivyoandikwa. BC547. Mchoro wa karatasi ni wa 2N3904, transista ya aina nyingine. Ukizitazama upande bapa miguu ikiwa chini, 2N3904 inaanza na emita kushoto, BC547 inaanza na kolekta, base zote iko katikati, ndo maana inaingia vizuri tu na hailalamiki. Ikikaa kinyume inafanya kazi kwa kuchechemea, geini ya mkondo inakuwa ndogo mno, base inavutwa chini. Nikawaonyesha kwenye maltimita, alama ya dayodi, probu nyekundu kwenye base, nyeusi mguu mmoja kisha wa pili: emita inasoma juu kidogo kuliko kolekta, tofauti ya milivolti chache tu lakini ipo. Wakarudia wenyewe wote wanne, wakageuza transista, kolekta ikakaa 6.7. Makelele yao hadi fundi akachungulia.

Saa 12 jioni nasahihisha ripoti za wiki iliyopita. Kuna mmoja kaandika volti 6.52631 wakati mita aliyotumia inaonyesha tarakimu tatu, hiyo imetoka kwenye kikokotoo, haijatoka mezani. Kuna mwingine kakokotoa geini 217 na kapima 217, namwekea alama ya kuuliza tu. Aliyepata 178 akaeleza kwamba base inanyonya mkondo kidogo kwa hiyo emita iko chini ya 1.4 na zile omu 18 zinapanda, huyo nampa karibu zote. Kuna wenzangu hatukubaliani hapa, wao wanataka jibu lifanane na la kitabu, haya.

Saa 3 usiku natunga swali la mtihani. Base 1.4, kolekta 9.3, rezista zote nzima, kapasita nzima, saplai 12. Taja kosa moja na upimaji wa kulithibitisha, bila kuchomoa rezista hata moja. Maksi 10.