Chipsi za kwenye kabati

Kwa miaka karibu kumi nimekuwa mteja msumbufu wa mabanda ya chipsi. Nikifika, hata salamu haijaisha, jicho liko kwenye kabati la kioo, pale chipsi zilipolundikwa, zimepauka kama zimetoka kuugua malaria. Nasema, "Kaka, hizo sitaki. Nikaangie mpya." Kijana ananitazama, anaitazama foleni, anashusha pumzi, kisha anamwaga viazi vibichi kwenye karai. Nasimama hapo dakika ishirini nikipigwa na moshi. Nikifika nyumbani nafungua: zimelegea, zimekunywa mafuta, na ncha zimeungua. Wiki ijayo nahamia banda jingine, na huko nako nasema yaleyale. Hizo za kabatini sitaki.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipojua mkosaji alikuwa nani.

Mimi ni mtu wa Makete, mkoani Njombe. Kwetu kiazi hakikaangwi, kinachemshwa na maganda yake, kinamwagwa kwenye ungo katikati ya watu, kila mtu anamenya chake huku anapuliza vidole. Chumvi pembeni, chai ya rangi, basi. Mafuta ya kula yalikuwa yakipimwa kwa kijiko, sasa nani angejaza sufuria nzima kwa ajili ya viazi? Chipsi nilizila kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha kwanza, stendi ya Njombe mjini, nikaona hiki si kiazi, hiki ni kitu kingine kilichoazima jina.

Leo nakaa Tabata na watoto wawili ambao ukiwachemshia viazi wanakuuliza kama kuna mgonjwa. Wanachotaka ni chipsi, kila Jumamosi. Sahani mtaani kwetu ni 2,500, tukila watatu ni 7,500, na hapo hujagusa kuku wala soda. Kilo ya viazi nanunua 1,500. Nikapiga hesabu, nikasema mtoto wa Makete hawezi kushindwa na kiazi.

Nilishindwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni mafuta. Nilikuwa na alizeti niliyoletewa kutoka Singida, ile ya kukamuliwa mashineni, haijasafishwa kiwandani, ina harufu nzuri ya mbegu. Kwenye mchicha haina mpinzani. Lakini mafuta ya namna ile huanza kutoa moshi mapema sana, hata kabla hayajafikia moto wa kukaangia chipsi. Jikoni kukawa kama nachoma takataka, jirani akaja kugonga mlango. Zile chipsi nikaziweka kwenye hotpoti zisipoe wakati wengine wanaoga. Nilipofunua, zimetoka jasho, zimelala chali kama tambi. Alaumiwe mfuniko: chipsi ya moto inatoa mvuke, ukiifungia, mvuke wake wenyewe unarudi kuilowesha.

Mara ya pili nilinunua mafuta yaliyosafishwa, nikajiona nimejifunza. Viazi vilikuwa vimekaa kwenye friji siku tisa. Nikakata, nikakaanga, na ndani ya dakika tatu vikawa rangi ya kahawa, nikivishusha bado ni vibichi katikati, halafu vina utamu wa ajabu, kama kiazi kitamu kilichokosea njia. Nikiwa nimesimama na hilo karai, akaingia shemeji yangu.

Huyu ni mdogo wake mume wangu. Sasa anaendesha bajaji, lakini alipofika Dar kutoka kijijini kazi yake ya kwanza ilikuwa banda la chipsi, Manzese. Hakuanzia kwenye karai; karai ni cheo. Alianza kwa kumenya, gunia zima kabla ya jua kuwaka, kisu kimoja na ndoo mbili.

Akachukua chipsi moja, akaivunja, akainusa.

"Shemeji, viazi hivi umevitoa wapi?"

"Kwenye friji."

Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Sasa shem, hiki kiazi ni cha Njombe," nikajitetea. "Baridi si imekizaa?"

"Imekizaa shambani. Ukikiweka kwenye friji kinageuka sukari."

Nilidhani ananitania, lakini ni hivyo kabisa. Kiazi kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi nane hivi, wanga wake unaanza kugeuka sukari, na sukari ndiyo inayowahi kupata rangi ndani ya mafuta. Nje panaungua, ndani bado. Sukari hiyohiyo, ikikutana na moto mkali, ndiyo pia inayochangia kutengeneza akrilamaidi, ile kemikali ambayo watafiti wa Sweden waliitangaza mwaka 2002 kwamba ipo kwenye vyakula vya wanga vilivyokaangwa au kuokwa. Kwa hiyo chipsi nyeusi si tatizo la sura tu. Viazi vikae gizani, penye hewa, nje ya friji. Mama yangu alijua hilo la giza bila kusoma popote: kiazi kilichopigwa jua kikawa kijani hakikuingia sufuriani, kilitengwa kiwe mbegu.

Tukakubaliana Jumamosi inayofuata. Akaja saa tatu asubuhi, tukaenda Buguruni.

Sokoni kila muuzaji anakuambia vya kwake ni vya Mbeya, au vya Njombe, au vya Lushoto, kana kwamba lori likipanda mlima kila kiazi kinakuwa cha chipsi. Wakulima wana majina yao, Kikondo, Sagitta, Arka, lakini yakifika Dar yanabaki yamefutika. Shem hakuuliza jina. Aliomba kiazi kimoja, akakipasua, akasugua vipande viwili pamoja. Vikatoa povu zito jeupe na kushikana kama vina gundi. "Hiki kina unga," akasema. Cha muuzaji wa kwanza kilikuwa kinatoa maji tu. Chenye maji hakifai, maana kukaanga ni kuyatoa maji. Yakiwa mengi, chipsi inabaki ganda lenye utupu.

Mimi nilikuwa nimesoma njia nyingine: koroga kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza viazi. Vyenye wanga mwingi vinazama, vyenye maji vinaelea. Nilipomwambia akaniuliza, "Banda lina foleni mpaka barabarani, nani atambatiza kiazi kimoja kimoja?" Nilipofika nyumbani nikavibatiza hivyohivyo. Kati ya viazi 14, vitatu vilielea. Hivyo nikavichemsha vikaliwa na maharage, na watoto wakauliza nani anaumwa.

Kukata nimemwachia yeye, kwa sababu kumtazama ni raha. Hatumii ubao. Kiazi kiko kiganjani, kisu kinakuja kinaishia milimita moja kabla ya ngozi yake, anageuza, anakata tena, vipande vinadondoka kwenye ndoo vyote unene wa kidole kidogo. Unene uwe mmoja, la sivyo vyembamba vitaungua vikisubiri vinene.

Maji matatu. Ya kwanza yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele, ya pili yanafifia, ya tatu unaona chini ya beseni. Kisha viloweke nusu saa. Nilipomwaga, kwenye kitako kulibaki tope jeupe laini, linalolia ukilibonyeza. Wanga huo, kama ule wa muhogo ambao mama alikuwa akiukoroga kukazia vitambaa vya makochi, vikasimama wima kama vya maaskofu. Huo ukibaki juu ya chipsi ndio unaozigandisha pamoja na kuzikoza rangi kabla ya wakati.

Halafu kukausha. Hapa nilitaka kulipua, nikapangusa juu juu. Shem akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu refu kama jani la mgomba mchanga, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. "Hili ni la maji, shemeji, usione ni la mafuta. Nilimwaga ndoo bila kuchuja, mafuta yakapanda." Nikaenda kutafuta kanga kuukuu, nikakausha kipande kwa kipande.

Lita moja na nusu ya mafuta kwenye karai dogo, jiko la gesi, moto wa kati. Kipimajoto hatuna. Alichomeka mpini wa mwiko kwenye mafuta, vipovu vichache vikauzunguka bila haraka, akasema tayari. Vitabuni moto huo ni kama nyuzi 150. Akatia konzi tatu tu za viazi, si zote, kwa sababu ukijaza karai mafuta yanapoa na viazi vinaanza kuogelea badala ya kukaangwa. Dakika sita, saba. Hazikupata rangi. Akachukua moja akaiminya, ikakatika laini kama kiazi cha kuchemsha. Akazitoa zote, akazitandaza kwenye sinia, akaendelea na konzi nyingine.

Nikainama kuziangalia. Zimepauka. Zimelala moja juu ya nyingine, manjano ya mgonjwa.

"Shem. Hizi si ndizo zile za kwenye kabati?"

"Ndizo."

"Yaani si viporo?"

Akaniangalia kwa huruma, vile mtu anavyomwangalia abiria aliyepanda gari la Gongo la Mboto akidhani linaenda Mbezi. "Shemeji, za kabatini zimeiva ndani, zinasubiri mteja. Mteja akija ndiyo tunazirudisha kwenye moto mkali. Yule anayesema 'nikaangie mpya' ndiye tunamkaangia mara moja, moto wa kuungaunga, maana tuna haraka. Tulikuwa tunawaita wakaguzi."

Wakaguzi! Miaka kumi nimekuwa nikisimama pale, nimeshika kiuno, nikiagiza kwa sauti niharibiwe chakula.

Nikamweleza kwamba Ubelgiji, ambako watu wanagombana na Wafaransa kuhusu nani alianza kukaanga viazi, nao desturi yao ni kukaanga mara mbili: kwanza moto wa wastani, zipumzike, halafu moto mkali. Akauliza, "Nao wana foleni?" Sikuwa na jibu, ila nadhani ameshika jambo. Hakuna aliyemfundisha kijana wa Manzese kwamba kiazi kikipoa baada ya moto wa kwanza, unyevu wa ndani unasogea juu na wanga wa nje unakaza, na kwamba moto wa pili ndio unaoukausha ule ukingo uwe ganda. Yeye alikuwa anakimbizana na wateja wa saa mbili usiku. Kabati la kioo lilikuwa la kuokoa muda, likawa ndiyo siri yenyewe.

Tukazipumzisha kama dakika arobaini. Mimi nikatengeneza kachumbari, sina la kueleza hapo, isipokuwa kitunguu ukioshe kwa chumvi na ndimu uweke nyingi.

Moto wa pili akaongeza gesi. Safari hii alitumia chipsi moja: aliidondosha, ikapanda juu papo hapo ikipiga kelele. Hapo ni nyuzi 180 au zaidi kidogo. Nikataka kuchungulia, akanivuta nyuma.

"Usiangalie. Sikiliza."

Mwanzoni ilikuwa mvua ya masika kwenye bati, huwezi kuongea. Baada ya dakika moja na nusu mvua ikapungua, ukawa unasikia tone na tone. Ni maji yanayokwisha. Sauti yote ile ni maji ya kiazi yanayogeuka mvuke. "Ikibaki manyunyu, toa." Akatoa. Rangi ya ganda la karanga. Akazitikisa kwenye chujio, zikagongana kwa mlio mkavu, na hapo ndipo nilipoamini. Chumvi palepale, zikiwa bado zinang'aa mafuta, maana zikikauka chumvi haishiki. Hotpoti niliifungia kabatini nisije nikajaribiwa.

Mafuta yakipoa nayachuja kwa kitambaa, nayarudisha chupani, nayatumia mara mbili tatu tena. Yakianza kutoa povu au kuwa meusi, yametosha.

Tukaandaa mezani. Binti yangu mkubwa akala bila kusema kitu, na mtoto wa miaka tisa akila bila kusema kitu, umefaulu. Mdogo wake akaitazama sahani, akanitazama mimi, akaweka mikono mapajani.

"Mama, vijiti viko wapi?"

Nikampa uma. Akaukataa. Chipsi zinaliwa kwa vijiti, kila mtu anajua. Nikatafuta kwenye droo, hakuna hata kimoja, na chipsi zinapoa. Shem akainuka, akavaa ndala, akatoka hadi banda la kona kuomba vijiti vinne. Alirudi baada ya robo saa na vijiti, na mishkaki sita kwenye karatasi, na salamu kutoka kwa kijana wa pale: anauliza yule dada mkaguzi siku hizi amehamia wapi.