Ninavyojaza kadi ya alama kwenye fainali ya timu za spidwei

Fainali ya timu za spidwei huenda mbio kwelikweli: pikipiki nne, mizunguko minne, dakika moja hivi, kwisha. Mnasubiri kidogo, tepe za mstari wa kuanzia zinainuka, zinaondoka nyingine nne. Hayo hurudiwa mara 20. Ubao wa uwanjani unatoa jumla na televisheni inatoa jumla ileile, lakini humo huoni kwamba timu inayoongoza imeshamaliza mageti yake mazuri, yaani nafasi nzuri za kuanzia, au kwamba iliyo nyuma kwa pointi 6 bado ina jokeri mkononi, yaani ruhusa ya kuzidisha pointi za mtu mmoja mara mbili. Hayo mimi huyapata kwenye karatasi niliyoichora mwenyewe, na hapa naeleza inavyochorwa na inavyojazwa.

Kwa asiyeujua mchezo: pikipiki ya spidwei ina injini ya silinda moja ya cc 500, inatumia methanoli, ina gia moja na haina breki. Uzito wake usipungue kilo 77. Uwanja ni wa udongo wa mawe yaliyosagwa, urefu wa mzunguko ni kati ya mita 260 na 425, na wote huzunguka kinyume cha mishale ya saa, gurudumu la nyuma likiserereka kwenye kona. Wa kwanza hupata 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu.

Kabla ya kuchora chochote, jua ni mashindano gani, maana kadi hufuata mfumo. Kombe la Dunia la Timu lilianza mwaka 1960, fainali ikiwa Göteborg na Sweden ikashinda. Kuanzia 2001 hadi 2017 lilijulikana kama Speedway World Cup na mshindi alipewa kombe lenye jina la Ove Fundin, bingwa wa zamani wa spidwei kutoka Sweden. Mwaka 2018 ikaingia Speedway of Nations, ambayo ni ya wawili wawili. World Cup ikarudi 2023 mjini Wrocław, Poland ikalichukua. Nitaanza na World Cup, ambayo kadi yake ina mengi zaidi, kisha nitagusa ile ya wawili wawili mwishoni.

Mfumo wa World Cup wa timu nne zenye waendeshaji wanne una mbio 20, na katika kila mbio kila timu ina mtu mmoja. Kila mwendeshaji anaingia mara 5 mtu wa akiba asipoitwa, na kila timu inapita kila geti mara 5. Zamani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, timu zilikuwa na watu watano na mbio zilikuwa 25. Ukisoma matokeo ya zamani usilinganishe jumla moja kwa moja. Gawa kwanza kwa idadi ya mbio.

Vifaa vyangu ni vichache. Ubao wenye klipu, karatasi mbili za A4 zilizolazwa, penseli mbili, ufutio, na mfuko wa plastiki unaoona ndani. Situmii kalamu ya wino. Ukikaa karibu na kona, udongo unarushwa hadi jukwaani, na udongo wenyewe umemwagiwa maji. Wino unachuruzika, penseli haichuruziki. Nafasi nzuri ya kukaa ni usawa wa mstari wa kuanzia, ngazi za juu kidogo, kwa sababu hapo unaona utepe, mstari wa kumalizia na taa za mwamuzi bila kugeuza shingo.

Sasa karatasi. Upande wa kushoto naandika namba ya mbio. Panafuata visanduku vinne vya mageti, 1 likiwa la ndani kabisa na 4 la nje. Kisha safu ya mpangilio wa kumaliza, kisha safu nne za timu, kila moja ikiwa na nafasi ya pointi za mbio hiyo na jumla inayoendelea. Mwisho kabisa kulia naacha safu nyembamba ya maelezo. Chini ya ukurasa naweka jedwali dogo la mageti, na karatasi ya pili ni ya waendeshaji, mstari mmoja kwa kila mtu. Majina yote yanaingia kwa penseli hafifu, kwa kuwa meneja anaweza kumtoa mtu na kuingiza akiba.

Rangi za kofia ndizo msingi wa kila kitu. Katika mfumo huu timu hubaki na rangi moja jioni nzima: nyekundu, bluu, nyeupe au njano. Tatu kati ya hizo zinaanza na N, kwa hiyo herufi ya kwanza haifai. Mimi huandika K, B, P na J. Pikipiki zikivuka mstari naandika herufi tu, kwa mfano KPJB, bila pointi. Wanne wanaweza kupita ndani ya sekunde mbili, na anayejaribu kufikiri "nyeupe wa pili, kwa hiyo 2" atakuwa amempoteza wa tatu. Pointi zigawe baada ya mwamuzi kutangaza matokeo, si kabla.

Sifuri nazo hazifanani, na hapa kadi nyingi zinakuwa bubu. Waingereza hutumia F kwa aliyeanguka, X kwa aliyeondolewa, T kwa aliyegusa utepe. Wapolandi wana u, w, t, na d kwa pikipiki iliyoharibika. Zangu ni hizi: A ameanguka, O ameondolewa na mwamuzi, U amegusa utepe, I injini imekufa, D dakika mbili za kujipanga zimempita. Sifuri tupu, bila herufi, ni ya aliyemaliza wa nne kihalali. Hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Mwenye I anachukua pikipiki yake ya pili na mbio ijayo anaweza kushinda. Mwenye U alikuwa na haraka tu. Lakini mwenye sifuri tupu mbili mfululizo hana kasi, na kwa kuwa gia ni moja, fundi amebakiwa na kubadilisha sproketi ya nyuma (gurudumu la meno la mnyororo), kugusa majira ya cheche au kumpa pikipiki nyingine. Ukiona hivyo kwenye karatasi ya waendeshaji, tegemea meneja atamwita akiba.

Mbio ikisimamishwa usifute ulichoandika. Chora mshale, andika "rudia" kwenye safu ya maelezo, na tazama taa: inayowaka ni ya rangi ya kofia ya aliyeondolewa. Anayehesabiwa kuwa ndiye chanzo cha kusimama kwa mbio harudi kwenye marudio. Ajali ikitokea kwenye kona ya kwanza mwamuzi anaweza kuwarudisha wote wanne, na hapo taa ya rangi haitawaka. Wengi hukimbilia kumwandikia sifuri aliyelala chini, kumbe bado yumo. Wanaorudi wanarudi kwenye mageti yaleyale.

Nije kwenye kipimo ninachokitegemea. Timu inayotwaa kombe hukusanya kiasi cha pointi 2 kwa kila mbio. Prague mwaka 2013 Poland ilishinda kwa 41 katika mbio 20. Bydgoszcz mwaka uliofuata Denmark ilishinda kwa 38. Manchester mwaka 2016 Poland, 39. Ukirudi kwenye mbio 25, Sweden ilishinda mjini Poole, Uingereza, mwaka 2004 kwa 49. Zote hizo zinaangukia kati ya 1.9 na 2.05 kwa mbio. Yako majabali yanayovunja kipimo, kama Poland ya 2005 pale Wrocław iliyofika 62, sawa na 2.48, lakini usiku wa namna hiyo kadi haina kazi. Mshindi anajulikana mapema.

Kwa hiyo kando ya jumla naandika tofauti na kipimo. Baada ya mbio ya 7 kipimo ni 14. Timu yenye 15 inapata +1, yenye 11 inapata −3. Namba hizi ndogo zinasomeka haraka kuliko jumla, na zinaonyesha jambo ambalo macho hayalioni: timu inapanda bila kushinda mbio. Mtu anayemaliza wa pili kila mara anaiweka timu kwenye kipimo sawasawa. Kati ya wa tatu na wa nne pana pointi moja, ileile iliyopo kati ya wa kwanza na wa pili, ingawa majukwaa hayapigi kelele kwa wa tatu. Pale Poole mwaka 2004 Sweden ilikuwa na 49 na Uingereza 48. Mwaka 2013 ilikuwa 41 kwa 40. Mwaka 2014 Denmark 38, Poland 37, Australia 36. Katika fainali kama hizo nikitaka kujua kombe limepotelea wapi, natafuta sifuri tupu kwenye karatasi ya pili kabla ya kuhesabu ushindi.

Jedwali la mageti nalijaza kila baada ya mbio nne. Muda huo kwa kawaida trekta huingia kusawazisha na maji humwagwa, kwa hiyo mbio nne zinazofuata ni kama za uwanja mwingine. Kila mbio inatoa pointi 6, hivyo baada ya mbio 8 wastani wa kila geti ni 12. Geti lenye 18 si bahati tena. Mara nyingi la ndani huwa na nguvu mapema, kisha udongo unasukumwa kuelekea nje na njia ya pembeni inapata mshiko. Baada ya hapo hesabu kila timu imeshatumia geti bora mara ngapi. Timu yenye −2 ambayo haijaligusa sana iko vizuri kuliko yenye +1 iliyolimaliza. Hapo ndipo karatasi inapoushinda ubao.

Jokeri inataka uangalifu wake. Katika miaka ya World Cup iliyokuwa nayo, timu iliyo nyuma ya kinara kwa pointi 6 au zaidi iliruhusiwa mara moja kumtuma mtu ambaye pointi zake zinazidishwa mara mbili, yaani ushindi unahesabiwa 6. Kanuni za jokeri na akiba zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo soma za mwaka husika. Kwenye kadi nazungushia duara pointi za jokeri na kuandika namba halisi kando, 3 ndani ya 6, ili karatasi ya waendeshaji isiharibike. Mpaka huo wa 6 unazaa mambo ya kuchekesha: aliye nyuma kwa 5 hana ruhusa, akipoteza pointi moja zaidi anaipata. Meneja mwenye hesabu hufikiri mapema atamtumia nani na katika geti gani, si kungoja mpaka timu izame.

Kujua nani bado yumo ni hesabu nyepesi. Timu mbili haziwezi kuachana kwa zaidi ya pointi 3 katika mbio moja, basi zidisha mbio zilizobaki kwa 3. Zikibaki mbio 4, aliye nyuma kwa 13 ametoka. Kama jokeri haijatumika na kanuni bado zinairuhusu, ongeza 3.

Kwa Speedway of Nations chora karatasi nyingine. Timu ni 7, kila moja inakutana na nyingine mara moja, jumla mbio 21, na kila timu inaingia mara 6. Wawili wa timu moja huvaa nyekundu na bluu, wapinzani wao nyeupe na njano, hivyo rangi hubadilika kila mbio na lazima uandike nchi juu ya herufi. Mfumo wa pointi wa 4-3-2-0 unabadilisha hesabu yote: timu yenye wa kwanza na wa mwisho ina 4, iliyoshika wa pili na wa tatu ina 5. Mshindi wa mbio anaweza kuwa upande ulioshindwa. Tazama jinsi mwenzake anavyolindwa kona baada ya kona. Kumwacha nyuma peke yake ni kuwapa wapinzani mbio. Baada ya hizo 21 wa pili na wa tatu wanakutana, na anayepita anamkabili wa kwanza katika mbio moja ya kombe. Kwa hiyo jumla kubwa haikupi kombe, inakupa njia fupi tu.

Mbio ya mwisho ikiisha, usikunje karatasi. Timu zikilingana kwenye nafasi ya medali kunaweza kuwa na mbio ya ziada. Ukishasikia matokeo rasmi, jumlisha timu zote nne: mbio 20 zinatoa 120, mbio 25 zinatoa 150. Mtu mmoja akianguka jumla haibadiliki, maana watatu waliobaki wanachukua 3, 2 na 1. Inapungua pale wanapomaliza wawili tu, pointi 1 kwa kila mbio ya namna hiyo. Kinachozidi kimetoka kwa jokeri. Mwaka 2013 jumla ilikuwa 41, 40, 33 na 12, yaani 126. Mwaka 2004 ilikuwa 49, 48, 39 na 16, yaani 152. Kama karatasi yako imezidi na hakuna duara lolote, anza na mbio zilizorudiwa, ndiko mtu huandikwa mara mbili. Kisha linganisha na karatasi ya waendeshaji, timu moja moja, pamoja na nyongeza za jokeri: jumla ya watu wanne na akiba lazima iwe sawa na safu ya timu yao.