Nilivyopata cheti cha kutoa dawa za saratani nikiwa kazini Dodoma

Nilipohamishiwa kwenye wodi ya wagonjwa wa saratani katika hospitali moja hapa Dodoma, nilikuwa na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na uzoefu wa miaka 6 katika wodi ya upasuaji, lakini kuhusu dawa za kemotherapia nilikumbuka machache mno niliyoyasoma chuoni. Nilijifunza kwa kumfuata mwenzangu aliyenitangulia, naye alikuwa amejifunza kwa kumfuata aliyemtangulia yeye. Sikuwahi kumuuliza mtu kwa nini tunafanya tunavyofanya, na nadhani hata wao hawakuwahi kuuliza.

Baada ya mwaka na nusu nilianza kutafuta cheti cha kitaaluma. Nilichokikuta kwanza ni kile cha OCN, yaani cheti cha muuguzi bingwa wa saratani, kinachotolewa Marekani na ONCC, taasisi ya kuwapa vyeti wauguzi wa saratani iliyoanzishwa mwaka 1984. Mtihani wake ni wa saa 3 na una maswali 165, ambapo 145 tu ndiyo yanayohesabiwa na 20 yaliyobaki hujaribiwa kwa ajili ya mitihani ya baadaye. Nilipiga hesabu ya saa zangu usiku mmoja nikiwa zamu, nikaona sharti la saa 2,000 za kuwahudumia wagonjwa wa saratani ndani ya miaka 4 nimekwisha kulivuka, na la miaka 2 ya kazi pia. Ndipo nikafika kwenye mstari wa leseni: mwombaji awe na leseni ya uuguzi ya Marekani, maeneo yake au Kanada. Ilikuwa saa tisa za usiku, na nakiri kwamba niliizima simu kwa hasira.

Hata hivyo, mgawanyo wa mada za mtihani huo uko wazi kwa kila mtu, nami niliuchapisha katika duka moja karibu na Soko la Majengo nikaufanya kuwa ratiba yangu ya kusoma. Uliniokoa na tabia ya kusoma ninachokipenda peke yake. Wakati huohuo nilijiandikisha katika kozi ya mtandaoni ya chama cha wauguzi wa saratani cha Marekani, ONS, inayohusu utoaji wa kemotherapia na dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambayo cheti chake hudumu miaka 2. Ada ilinisumbua kuliko masomo, kwa kuwa ililipwa kwa dola na ilinilazimu kujinyima kwa miezi kadhaa, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu baada ya kukataliwa mara tatu.

Nilisoma saa kumi alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kabla mtandao haujalemewa. Kiingereza cha kozi hakikuwa kigumu, ila nilijiwekea sharti kwamba kila somo nililimalize kwa kuliandika kwa Kiswahili ambacho mgonjwa wa Bahi au Mpwapwa angekielewa. Niliposhindwa kuliandika hivyo, nilijua kwamba sijalielewa, nikarudia.

Somo lililonishtua zaidi lilihusu dawa kuvuja nje ya mshipa. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, ikivuja huweza kuozesha nyama ya mkono. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuichomoa kanula, ule mrija mdogo unaoingizwa mshipani, mara moja na kukanda mahali hapo kwa kitambaa cha moto. Utaratibu sahihi ni kusimamisha dawa, kuiacha kanula mahali pake, kuvuta kwa bomba la sindano kiasi kinachoweza kurudi, ndipo kuichomoa na kuweka kitu cha baridi, kwa sababu baridi huibana mishipa na kuizuia dawa isisambae. Joto hutumika kwa dawa kama vinkristini, ambayo hutakiwa itawanyike ili isijikusanye mahali pamoja. Nilikuwa nimekanda mikono ya watu kwa maji ya moto kwa zaidi ya mwaka.

Jambo la pili lilikuwa mizani. Dozi nyingi hupangwa kwa eneo la mwili, yaani ukubwa wa ngozi yote inayoufunika, ambalo hupatikana kwa kuzidisha urefu wa sentimita kwa uzito wa kilo, kugawanya kwa 3,600, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mama mmoja mwenye urefu wa sentimita 160 alikuwa na kilo 52 alipoanza matibabu, na faili lake liliendelea kubeba kilo 52 mzunguko baada ya mzunguko. Siku moja alipokuja, gauni lilikuwa likimning'inia mabegani. Nilimwomba avue viatu apande mizani, ikasoma 44. Eneo la mwili lilikuwa limeshuka kutoka mita za mraba 1.52 hadi 1.40, hivyo doksorubisini ya miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ilipaswa kushuka kutoka takriban miligramu 91 hadi 84. Nilimpelekea daktari hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi. Aliipitia kimya, akampigia mfamasia asichanganye kwanza, akabadilisha dozi.

Kwa upande wa homa, kozi haikuwa imeandikwa kwa ajili ya kanda yetu. Inaeleza vizuri kwamba chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu za dawa nyingi, na kwamba homa wakati huo ni dharura. Lakini mgonjwa wetu akipata homa akiwa kijijini Kongwa, huenda zahanati, hupimwa malaria, hupewa panadoli na kurudi nyumbani. Kwa hiyo, kwa idhini ya muuguzi mfawidhi, niliandaa kadi ndogo ya Kiswahili inayosema kwamba mwenye kadi yuko kwenye dawa za saratani, kwamba homa ya nyuzi 38 au zaidi inahitaji hospitali siku hiyohiyo, na kwamba asimeze cha kuishusha kabla hajapimwa joto. Bibi mmoja alinirudishia yake akisema, "Sista, hii mwandikie mwanangu kwa herufi kubwa, mimi sisomi." Tangu hapo tunaandika mbili.

Nilifaulu mtihani wa kozi, nikaingiza saa za mafunzo kwenye kumbukumbu zangu za kujiendeleza kitaaluma, na mshahara haukuongezeka hata shilingi. Cheti kitaisha muda wake mwakani, na safari hii ada nimeanza kuiweka mapema, kidogokidogo, kwenye kikundi chetu cha akiba.