Baiskeli ya umeme ya matairi manene, usianze na spidi

Kila anayeniuliza kuhusu hizi baiskeli anaanza na "inakimbia ngapi", aisee kwa Mwanza hii ya mawe na vilima mi naona anzia chini kwenye tairi. Tairi la inchi 4 halitaki upepo mwingi, ukiweka psi (kipimo cha presha ya upepo) 10 hadi 15 hivi linabonyea kidogo likikanyaga kokoto, ile njia ya vumbi iliyochimbwa na mvua unaipita na mgongo haulalamiki, hata mchanga wa ufukweni halizami hovyo. Ukirudi lami ongeza upepo, la sivyo baiskeli inakuwa nzito na betri inaisha chap.

Betri zidisha volti kwa Ah (ampea-saa) upate Wh (wati-saa, yaani umeme wote inaobeba), mfano 48 mara 15 ni 720, hiyo ndo namba ya kulinganisha sio maneno ya muuzaji. Mlima kama wa Bugando unaila balaa. Kama kwako ni juu huko kwenye mawe tafuta mota ya katikati pale kwenye pedali maana inatumia gia, ile ya kwenye tairi la nyuma inachemka ikipanda taratibu.

Uzito sasa! Nyingi zinacheza kilo 30 na kitu, nani anapandisha ngazi na hilo dude? Chukua yenye betri ya kuchomoa. Breki chukua diski za haidroliki, zile zinazosukumwa na mafuta. Na dada zangu wa kitenge, kuna fremu za chini, unapanda bila kurusha mguu. Tyubu za akiba agiza mbili pamoja na baiskeli yenyewe, saizi hiyo madukani kwetu ni ya kutafuta kwa tochi.