Kulipia pleilisti: pima kwanza, lipa baadaye

Unataka wimbo wako uingie kwenye pleilisti za Spotify? Kabla ya kutoa hela, kuna cha bure ambacho wasanii wengi wanakiruka. Ukiwa na akaunti ya Spotify for Artists unaweza kuwapelekea wahariri wa pleilisti za Spotify wimbo ambao bado haujatoka. Ukishatoka, basi tena. Upeleke angalau siku 7 kabla, na hata wahariri wakikupiga chini, wafuasi wako wataukuta kwenye Release Radar, pleilisti ya nyimbo mpya ambayo Spotify humtengenezea kila msikilizaji. Ni wimbo mmoja kwa wakati mmoja, na maelezo hayazidi herufi 500, kwa hiyo usiyamalize kwa "hii ngoma ni moto". Taja mtindo, ala zinazosikika, na ni wapi tayari unapigwa. Msambazaji, yaani kampuni inayokupandishia wimbo Spotify, mpe faili wiki 3 au 4 mapema, la sivyo hizo siku 7 hutazipata.

Tukija kwenye kulipa, kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Moja ni kulipia usikilizwe. Groover, tovuti ya kuwatumia nyimbo wenye pleilisti, inatoza takriban euro 2 kwa kila mwenye pleilisti unayemtumia, na asipojibu ndani ya siku 7 unarudishiwa salio. SubmitHub, tovuti nyingine ya aina hiyo, inaendeshwa kwa krediti unazonunua, kwa mtindo unaofanana. Jibu linaweza kuwa hapana, na mara nyingi ndivyo linavyokuwa. La pili ni yule anayekuja inboksi: "strimu elfu 10, uhakika, tuma kwa M-Pesa." Kuuza nafasi ya uhakika kwenye pleilisti Spotify imekataza, na huo uhakika ndio unaomuumbua. Hakuna anayeweza kuahidi masikio ya watu. Ya roboti, yaani programu zinazojifanya wasikilizaji, anaweza.

Namna ya kuipima pleilisti: wafuasi wake usiwahesabu, maana wafuasi hununuliwa. Ifungue, chagua humo wasanii watatu wasio na jina, ingia kwenye profaili ya kila mmoja na ufungue maelezo yake. Hapo Spotify inaonyesha miji 5 inayomsikiliza zaidi. Mwimba singeli akiwa na Ashburn, Virginia, juu ya Dar es Salaam, shtuka: Ashburn ni mji uliojaa vituo vya data, na roboti huendeshwa kutoka sehemu kama hizo. Kisha tazama "Discovered On", yaani pleilisti zinazomletea wasikilizaji. Zote zikiwa za mtu mmoja, na humo taarab imebanana na tekno na nyimbo za kulaza watoto, achana nazo.

Kinachowasukuma wengi kununua ni hiki: tangu 2024, wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mirabaha ya rekodi Spotify. Mtu anaona bora anunue hizo elfu. Lakini mwaka huohuo Spotify ilianza kuwatoza wasambazaji faini, kama euro 10 kwa wimbo kwa mwezi, strimu zake nyingi zikibainika kuwa bandia, na wasambazaji huishusha kwako. Strimu elfu moja halali zenyewe huleta dola chache tu. Isitoshe wimbo unaweza kuondolewa kabisa, na algoridhimu, yaani mfumo wa Spotify unaopendekeza nyimbo, ikishadhani wewe ni wa kundi la nyimbo za kulaza watoto, kuirudisha kwenye mstari ni kazi.

Bajeti ya kuanzia: euro 30 hadi 40 Groover, yaani watu 15 hadi 20, wote wa muziki unaofanana na wako. Mwenye pleilisti ya "afro" kwa jumla si lazima apokee bongo fleva. Sikiliza nyimbo tano za mwisho alizoongeza ndipo umtumie. Pleilisti nyingi zitakutoa baada ya wiki chache na strimu zitashuka, hilo ni kawaida. Cha kutazama ni wangapi wamehifadhi wimbo na wangapi wamekufuata. Wasikilizaji 500 na waliohifadhi 3, mimi hiyo pleilisti siirudii.

Strimu zikiruka usiku mmoja kutoka pleilisti usiyoijua, piga picha ya skrini ya takwimu, mwandikie msambazaji siku hiyohiyo kabla hajakuandikia yeye, na uiripoti pleilisti hiyo kwa Spotify.