Baiskeli ya baba: kutoka boti ya Unguja hadi treni ya Tazara

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba utashuka kwenye boti ya Zanzibar na siku hiyo hiyo upande treni, atakuuliza kwanza: stesheni ipi? Ana haki ya kuuliza. Stesheni ya Kati ipo hapo hapo karibu na bandari, unatembea kwa miguu na begi lako kichwani. Ile ya Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, iko mbali, kilomita kama sita hivi, kule makutano ya barabara ya Nyerere na Mandela. Na haziwezi kuwa kitu kimoja, kwa sababu reli zenyewe hazilingani upana. Ya Kati ni milimita 1,000, ya Tazara ni 1,067, hivyo treni ya huku haiingii kule. Mimi nilikuwa naenda kwa baba Ifakara, na reli inayopita huko ni ya Tazara, kwa hiyo kwangu ni Tazara tu.

Ilikuwa Julai 2019, na mzigo wangu mkubwa ulikuwa baiskeli. Baba alikuwa na Foniksi iliyokwisha chomelewa fremu mpaka fundi mwenyewe akaikataa. Unguja, ambako nilikuwa nafanya kazi, baiskeli za mtumba kutoka Japani zipo tele, na nilikuwa nimempatia moja nzuri: ya kijivu, gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, kikapu mbele, stendi ya miguu miwili, na kufuli ndogo iliyoshikizwa kwenye gurudumu la nyuma, ambayo ukiisukuma inafunga kwa mlio kama wa kitasa cha kabati. Niliiendesha mwenyewe wiki kadhaa ili nijue magonjwa yake kabla ya kuipeleka.

Watu walinishauri basi. Nilikataa. Basi linaiweka baiskeli juu au kwenye buti chini ya magunia, na kipande cha Kidatu hadi Ifakara wakati ule kilikuwa bado vumbi na mashimo. Baiskeli ingefika ikiwa na ringi za mayai.

Sasa hesabu ya saa. Treni ya Mukuba, ile ya haraka ya Tazara, ilikuwa inaondoka Dar Ijumaa, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Boti za kutoka Unguja zilikuwa nne kwa siku: ya saa moja asubuhi, ya saa tatu na nusu, ya saa sita na nusu, na ya jioni. Safari ni kama saa mbili. Mtu mwenye begi tu anaweza kujidanganya na ile ya saa sita na nusu, akafika Dar saa nane na nusu, akarukia bodaboda, akaiwahi treni huku anahema. Mwenye baiskeli asithubutu. Baiskeli inataka muda wake wa peke yake: inapakiwa kabla yako, inashushwa baada yako, inakaguliwa, na kule stesheni inapimwa na kuandikishwa kama kifurushi kabla abiria hawajaanza kupanda. Barabara ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Nikachukua ya saa tatu na nusu.

Bandarini Malindi, hapo Unguja, sikungoja kuulizwa. Mpagazi mmoja aliniona tangu getini.

"Dada, baskeli hiyo peke yako huiwezi pale kwenye ngazi."

"Naiweza. Lakini sema bei kwanza."

Tulikubaliana bei kabla hajaigusa, na hilo ndilo muhimu, maana bei ya kukubaliana ukiwa tayari umo ndani ya boti haijawahi kumfaa abiria. Mzigo niliulipia dirishani, nikapewa karatasi. Kamba nilikuwa nayo yangu. Sikutaka ifungwe kwa usukani, kwa sababu boti ikiyumba usukani ndio unaopinda na waya za breki zinakatika. Nikaifunga fremu kwenye chuma, nikafunga gurudumu la mbele lisicheze, nikaweka kanga ya zamani mahali chuma kinapokutana na rangi. Mpagazi alicheka. "Umeivalisha kama bi harusi."

Julai ni msimu wa upepo wa kusi. Nje ya visiwa vidogo boti ilianza kupanda na kushuka, wahudumu wakapita na mifuko, na mama mmoja pembeni yangu akasoma dua kwa sauti mpaka tukaanza kuyaona majengo ya Dar. Maji ya chumvi yalirukia mizigo yote ya nyuma. Hilo nililijua, ndiyo maana mfukoni nilikuwa na kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Tulipofika niliipangusa cheni hapo hapo gatini kabla sijafanya kitu kingine. Chumvi ikikaukia kwenye cheni, kesho yake unaona kutu.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni forodha. Miaka ile mzigo wa kutoka Unguja ulipofika Dar ulikaguliwa, na kitu kilichoonekana kipya kingeweza kudaiwa tofauti ya ushuru. Ofisa aliizunguka baiskeli, akabonyeza tairi, akapiga kengele mara moja.

"Ya biashara hii?"

"Ya baba yangu. Na ni mtumba, risiti hii hapa."

Akasoma risiti, akaangalia matope ya Mwera, kule Unguja, yaliyokuwa bado chini ya madigadi, akaniruhusu. Matope yale sikuyaosha kwa makusudi. Baiskeli inayong'aa inaulizwa maswali mengi kuliko iliyochoka.

Nilipotoka nje ya geti saa sita ilikuwa imekaribia. Ijumaa, saa sita, katikati ya Dar: watu wanaelekea misikitini na barabara zinajaa kanzu. Sikupanda kwanza. Niliisukuma kufuata Sokoine, nikapita Stesheni ya Kati, nikasalimiana na madereva wa bajaji walioapa kwamba baiskeli itaingia kwenye bajaji bila shida, hadi nikafika Mnara wa Saa. Hapo nikapanda. Begi la nguo nilikuwa nimelifunga kwenye keria, chakula kimo kikapuni. Barabara ya Nkrumah mpaka makutano ya Kamata unakwenda taratibu kwa sababu kila mtu anakwenda taratibu. Ukishaingia barabara ya Nyerere ndipo malori yanapoanza, na mimi sina aibu, palipo pembamba nashuka nasukuma. Hata hivyo niliyapita mabasi yaliyokuwa yamesimama kwenye foleni ya Chang'ombe, na abiria mmoja dirishani akanipungia mkono kwa wivu. Ukiliona daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018, umeshafika. Stesheni iko pale pale makutanoni, jengo kubwa la Wachina la miaka ya sabini, lenye ukumbi mrefu na madirisha ya juu.

Tiketi shangazi yangu wa Temeke alikuwa ameshaninunulia mapema, daraja la pili, chumba cha wanawake sita. Kwenye treni ile wanawake na wanaume hawakuwa wanachanganywa vyumbani, isipokuwa mmekodi chumba kizima. Kwa hiyo mimi sikuwa na wasiwasi, wasiwasi ulikuwa wa baiskeli. Nikaenda ofisi ya vifurushi moja kwa moja kabla hata ya kutafuta maji ya kunywa. Waliiweka kwenye mizani, wakaandika stakabadhi, nikalipa pungufu ya nauli yangu mwenyewe. Nilivua kikapu, pampu na kengele nikabaki navyo. Vitu vidogo vinavyochomoka havina kwao ndani ya behewa la mizigo. Kisha nikaomba kalamu ya wino mzito, nikaandika IFAKARA kwa herufi kubwa kwenye vipande viwili vya boksi, kimoja kwenye usukani na kimoja chini ya kiti. Behewa lile lilikuwa linakwenda mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar. Sikutaka baiskeli ya baba ikatalii.

Kazi yote hiyo iliisha saa nane na ushee. Nikapata muda wa kula chapati zangu na hata kusinzia, na nikamwona kijana mmoja akiingia mbio na baiskeli yake ya milimani saa tisa na nusu, mapokezi ya vifurushi yakiwa yameshafungwa. Alibembeleza sana. Sikuona mwisho wake.

Safari yenyewe wengine wameisimulia vizuri kuliko mimi. Jua likiwa linazama tulikuwa ndani ya hifadhi, wenzangu chumbani wakagombea dirisha kwa ajili ya twiga, mimi nikala wali kuku wa behewa la chakula. Ila kuna jambo moja nililifanya baada ya stesheni ya Kisaki: nilikwenda kumtafuta mhudumu wa mizigo nikamwonyesha stakabadhi.

"Kaka, nashuka Ifakara na baiskeli. Iko nyuma ya magunia au mbele?"

"Nyuma. Lakini nitaivuta mlangoni, usihofu. Wewe ukishuka tu, kimbilia behewa letu."

Ifakara treni iliingia usiku mkubwa na haikusubiri sana. Nilishuka na begi mgongoni na kikapu mkononi, nikakimbia kando ya mabehewa gizani kwenye changarawe, na kweli nikaikuta mlangoni, mhudumu ameishika kiti kwa mkono mmoja na tochi kwa mwingine. Nikampa stakabadhi, akanishushia. Usukani ulikuwa umezunguka kidogo, spana yangu ikaurudisha.

Baba alikuwa amekuja na jirani mwenye bodaboda. Salamu zikapita haraka, shikamoo, marahaba mwanangu, pole na safari, huku macho yake yako kwenye baiskeli. Akazungusha pedali, taa ya mbele ikawaka kwa dainamo, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kitu ambacho mkulima yeyote wa Kilombero angeuliza:

"Keria hii inabeba gunia?"

Nikamwambia nadhani debe mbili, gunia hapana. Akasema basi kesho asubuhi tunakwenda kwa fundi achomelee nondo. Mimi nikapanda bodaboda na begi, yeye akatangulia na baiskeli.